Pedali zikiyumba, safisha, usifunike

Wapenzi wa simuleta, kuna ushauri nisioukubali: pedali zikianza kuyumbisha ndege zenyewe, eti panua kwenye programu lile eneo la katikati lisilosikia mguu. Mimi naandika programu kwa riziki na nasema hapana. Cessna 172 ikikimbia kupaa hunyooshwa kwa miguso midogo, na ndiyo hiyo inayomezwa. Ukienda kujifunza urubani Wilson na mazoea hayo, shauri yako.

Pedali nyingi za bei nafuu zina potenshiometa: kidole cha chuma kinasugua ukanda wa kaboni. Vumbi letu la Machakos likiingia hapo, nambari zinarukaruka. Chomoa USB, piga picha, fungua kwa bisibisi, puliza dawa ya kusafishia swichi za umeme (si WD-40 ya kawaida, tafadhali), kanyaga huku na huku, acha ikauke. Kisha fanya kalibresheni upya.

Ukanda ukiwa umelika, badilisha potenshiometa kwa nyingine yenye omu zile zile. Ile ya kuongezea sauti ya redio haifai. Kwa kawaida haipandi sawasawa. Zenye sensa za sumaku hazisuguani hivyo, lakini bei yake, mh!