Mti wa kinkina usikatwe kwa ajili ya makala

Katika Kiswahili chetu cha hapa, kidonge chochote tunakiita kinini. Cha kichwa ni kinini, cha minyoo ni kinini. Neno hilo lilitoka kwenye dawa ya malaria, na dawa yenyewe inatoka katika gome la kinkina, mti unaoota kwenye milima yetu.

Wengi wanadhani viwanda vya dawa ni mambo ya Ulaya na Uhindi tu. Lakini Bukavu kuna Pharmakina, inayotoa kwinini katika gome hilo, na ambayo mwaka 2005 ilianza kutengeneza hata dawa za watu wenye ukimwi. Mwaka 1942 Wajapani walipoteka Java, kisiwa kilicholisha dunia karibu kwinini yote, gome la Kongo likatafutwa sana. Leo hali si ile. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya artesunate badala ya kwinini kwa malaria kali, hata kwa watoto. Soko likabana. Halafu vita, barabara, uwanja wetu wa ndege uliotekwa Februari 2025, benki kufungwa. Mkulima anayehitaji unga leo hawezi kungoja mti wa miaka saba au kumi. Anachukua panga, anachoma makala. Mimi simlaumu.

Ninaowalaumu ni wale wanaosema juu ya uchumi wa jimbo na hawaoni zaidi ya dhahabu na koltani. Dhahabu ikishatoka shimoni imekwisha. Kinkina ukiikata vizuri juu ya kisiki, inachipuka tena.

Mkumbuke mpox. Aina mpya ya ugonjwa ule ilionekana Kamituga, jimboni mwetu, mwaka 2023. Agosti 2024 hospitali ya Kavumu ilijaa, wengi wao watoto. Chanjo za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba, zimetengenezwa Denmark. Ugonjwa wa kwetu, chanjo ya kwao! Sisemi tutengeneze chanjo kesho. Lakini Lwiro, hapa jirani tu, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, chenye watu wanaojua mimea na wadudu wa Kivu kuliko mtu yeyote wa Copenhagen. Vijana wetu wanapita mbele yake wakienda kutafuta kazi ya kubeba mizigo.

Kwa hiyo ninaomba mambo ambayo hayangoji amani kamili. Bei ya kilo moja ya gome isomwe redioni kila wiki, kama tunavyosoma bei ya maharagwe. Gome likipimwa kujua lina kwinini kiasi gani, aliyelileta aonyeshwe karatasi ya majibu, na Lwiro iwe mahali pa kupima tena kama hakubali. Na familia zilizokimbia, ambazo hazina shamba, zipewe kazi ya kulipwa kwa siku katika vitalu vya miche. Mche haungoji miaka kumi ili mtu alipwe, mkono unaoumwagilia maji unalipwa jioni ileile.

Mwenye mashina machache nyuma ya nyumba, kabla hujaita mchoma makala, uliza kwanza gome linanunuliwa bei gani.