Gitare itabakia, sisi tutaenda



Tangu lile tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa refektware, shule imegawanyika makundi mawili. Mmoja wa wale waliosoma hapa mbele yetu amekubali kuitumia kwaya gitare moja ya umeme. Kwa sababu kwaya haina besi na inatamani sauti ya chini, ametuuliza: mnataka ya kamba saba, ao baritone? Jibu linapashwa kwenda mbele ya mwisho wa mwezi. Kila mangaribi, kisha chakula, wakubwa wanabishana mpaka kengele ya kulala inalia. Lakini wadogo wa madarasa ya chini, hakuna mtu anawauliza kitu. Njo sababu tunaandika.

Kwanza tuelewane. Gitare ya kawaida iko na kamba sita: Mi, La, Re, Sol, Si, Mi, kuanzia ile nene. Ya kamba saba inaacha hizo sita fasi yao, inaongeza Si moja chini. Baritone inabakia na kamba sita, lakini shingo yake ni ndefu, kamba zake ni nene, na zote zimeshushwa, mara nyingi hivi: Si, Mi, La, Re, Fa dieze, Si. Basi muangalie muzuri: zote mbili zinafika kwenye Si ile ile, karibu hertz 62. Besi ya kweli inashuka mpaka Mi ya hertz 41. Yule anayesema gitare yake itashika fasi ya besi anatudanganya, awe wa kundi hili ao lile.

Wapenzi wa baritone wako na neno la kweli. Kamba ikiwa ndefu inakazika vizuri, na sauti ya chini inatoka safi. Kwenye gitare nyingi za umeme, kamba inayolia ina urefu wa karibu milimetre 648. Kwenye baritone inaanza karibu 686, inaweza kufika 762. Gitare nyingi za kamba saba zinabakia na 648, na Si yake inalegea kama kamba si nene ya kutosha. Tena shingo yake ni pana: kule kichwani karibu milimetre 48, na ya kawaida ni 42 ao 43. Mtoto wa vidole vifupi atasikia. Hayo hatuyakatai.

Lakini tufikiri juu ya yule mdogo aliyejifunza akordi ya Do mwaka huu. Akiishika vile vile kwenye baritone, inatoka Sol! Kiongozi akiita Do, itabidi ashike umbo la Fa, lile linalowaliza wote wanaoanza. Wanatujibu: weka kapo kwenye kase ya tano, yote itarudi kama kwenye gitare ya kawaida. Ni kweli. Lakini kapo ikifungwa pale, ile sauti ya chini tuliyoitafuta imefungwa nayo. Kwenye kamba saba, mtoto anashika Do yake, inatoka Do. Kamba ya saba ataizuia isilie mpaka siku atakayoijua.

Neno la pili ni sebene. Kamba nyembamba ya baritone ni Si, si Mi. Kwenye kila kase sauti iko chini kwa kase tano. Wale wanaopenda kupiga mi-solo, vidole kule juu kabisa, watapanda wapi?

Neno la tatu: kamba zinakatika, wote tunajua. Wengine wanasema baritone haitapata kamba sokoni. Si hivyo kabisa. Kamba nyingi za paketi ya kawaida zinaweza kuisaidia, kama urefu wake unatosha. Ile nene njo ya kutafuta mbali, na hapo gitare zote mbili ni sawa. Lakini siku ile nene itakatika, ya kamba saba inabakia gitare nzima ya kawaida. Baritone inabakia na kamba tano, na chini yake imekwenda.

Kuna wanaosema pia kamba saba ni kitu cha watu wa rock na makelele. Ni kweli Ibanez ilitoa ile ya Steve Vai mwaka 1990, na watu wa rock wakaifuata. Lakini mbele ya hapo, Wabrazili walikuwa wanatumia gitare ya kamba saba katika muziki wao wa choro, kamba za chini zikitembea chini ya wengine. Hiyo njo kazi kwaya inataka. Na hapa kwetu, Jean Bosco Mwenda aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, njo Likasi ya leo, alipiga gitare ya kamba sita tu. Kidole gumba kilishika chini, kingine kikaimba juu. Mkono uliofundishwa unapita kamba nyingi.

Kwa hiyo sisi tunasema: tuombe ya kamba saba. Baritone ni gitare nzuri kwa mutu mmoja anayejua tayari. Shule si mutu mmoja. Wanaobishana sana ni sisi wafinalisti, na kisha Egzame d'Eta tutafunga masanduku na kwenda. Gitare itabakia, na mikono itakayoishika iko leo kwenye meza za nyuma, haijaulizwa. Tunaomba Bwana Prefe wa masomo na kiongozi wa kwaya waite kura ya wanakwaya wote, wakubwa kwa wadogo, mbele barua haijaenda.

Kundi la baritone, mutujibu katika namba inayofuata. Karatasi iko.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la wenzake