Mibuni 252, warithi wanane

Wazazi wenzangu, huku Ngaka familia moja ilikaa kugawana mibuni 252 ya marehemu baba. Watoto saba, na mama wa nane. Kaka mkubwa akasema haigawanyiki kwa nane, basi mama aachwe. Mjukuu wa darasa la sita akachukua daftari, akaandika namba tasa: 252 = 2 × 2 × 3 × 3 × 7. Saba imo, kila mtoto angepata 36. Nane ni 2 × 2 × 2, na humo 2 zipo mara mbili tu, itabaki minne. Kwa hesabu, kaka hakukosea. Lakini mjukuu akauliza: miche minne ni shilingi ngapi? Ikapandwa, ikawa 256, kila mmoja 32. Ile michanga akapewa kaka mkubwa.