Njombe Si Kiyoyozi Chetu

Kila mwaka ikifika Novemba, mazungumzo yale yale yanarudi Dar es Salaam. Feni inazungusha hewa ya moto, shuka limelowa jasho, luku imeisha saa nane ya usiku, na asubuhi mmoja kati ya marafiki anatangaza kwamba amechoka, anahamia Njombe. Mwingine anasema Lushoto. Wa tatu ametunza kwenye simu picha ya ukungu ulioshuka juu ya mashamba ya chai ya Mufindi. Ikifika Januari wote watatu wanajua bei ya ekari moja, na hakuna anayejua jina la mwenyekiti wa kijiji.

Sina ugomvi na kuhama. Nchi ni yetu sote, na Mtanzania hahitaji kibali cha mtu kwenda kuishi Makete. Ugomvi wangu ni na hoja inayotuhamisha: kwamba kule kuna baridi, kwa hiyo kule ni kuzuri, na aliyebaki kwenye joto amekosa akili au amekosa nauli. Hoja hii tunaipenda sana sisi vijana tuliosoma, tunaoweza kufanya kazi popote penye bando na umeme. Ni hoja mbovu, tena ina watu inaowaumiza.

Tuanze kwa kuitendea haki. Joto la Dar halitaniwi. Kati ya Novemba na Machi, nyuzi 31 au 32 za mchana zikichanganyika na unyevu wa bahari zinamfanya mtu mzima ashindwe kufikiri. Na milima inapoza kweli: kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, na Njombe mjini ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Malaria ni chache kuliko Pwani, chakula hakichachi usiku mmoja, mtu analala. Anayesema kule kuna baridi hadanganyi. Anadanganya akisema habari imeishia hapo.

Baridi ni kazi. Anayeijua kwa picha, au kwa safari ya siku tatu, bado hajakutana nayo. Nenda Juni, ukae mpaka Agosti. Nguo uliyofua Jumatatu unaianua Alhamisi ikiwa bado na unyevu. Godoro ukililalia unadhani limemwagiwa maji. Maji ya kuoga lazima yachemshwe, kwa hiyo kuna mtu amebeba kuni au amenunua mkaa, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Nyumba nyingi zimejengwa kwa ramani ile ile unayoikuta Mbagala: matofali, bati, madirisha mapana, hakuna dohani. Watu wanaota moto jikoni, moshi unabaki ndani, watoto wanakohoa. Habari za familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga mlango na madirisha, isiamke asubuhi, tumezisikia mara nyingi mno kuziita ajali ya bahati mbaya. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi. Ukipanda zaidi, kwenye uwanda wa Kitulo, kuna asubuhi unazokuta barafu nyembamba juu ya majani, na viazi vya mtu vimeungua kwa baridi kana kwamba vimepitiwa na moto. Kwenye zile picha za ukungu hakuna jiko, hakuna kikohozi, hakuna shamba lililoungua.

Ipo pia hadithi ya neema: hewa safi, chakula tele, watoto wenye mashavu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kiasi cha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Njombe ilikuwa asilimia 50. Iringa, 57. Soma tena namba hizo, kisha ukumbuke viazi mviringo, mahindi na maharage ya sokoni kwako vinatoka wapi. Mikoa inayotulisha sisi ndiyo yenye watoto waliodumaa kuliko karibu mikoa mingine yote. Si fumbo. Mama anayeshinda shambani tangu alfajiri hana saa za kumpikia mtoto mara nne au tano kwa siku. Kilicho kizuri kinapakiwa kwenye fuso kwenda mjini, nyumbani unabaki ugali. Mtu anayehamia huko na mshahara wa Dar anaweza kweli kula vizuri. Asiseme tu kwamba ni mahali pa neema. Neema hiyo ni ya mfuko wake.

Na tuulize swali ambalo huwa halina nafasi kwenye mazungumzo ya Novemba: wenyeji wenyewe walikwenda wapi? Enzi za mkoloni, Njombe na wilaya za jirani zilikuwa chimbuko la manamba. Wabena, Wakinga na Wapangwa waliteremka kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, kwenye joto lile lile tunalolikimbia, kwa sababu kodi ilidaiwa kwa fedha na nyumbani fedha hazikuwepo. Baadaye Wakinga waliteremka tena kutoka Makete, safari hii kufanya biashara, wakajijengea jina Mbeya mpaka Kariakoo. Na leo, ni nyumba ngapi za Dar ambamo binti anayepika chai na kubembeleza mtoto ametoka Iringa au Njombe? Mwenye nyumba anaota kuhamia kijiji ambacho dada wa kazi amekiacha, na hajawahi kumuuliza alikiacha kwa nini. Angeuliza, angesikia habari za ada, za mama mgonjwa, za shamba lililogawanywa mpaka likabaki kipande. Baridi huenda ingetajwa mwishoni, au isitajwe kabisa.

Hamu ya kukimbilia milimani nayo ina historia. Wajerumani walipanda Usambara kukwepa homa na joto la pwani, na Lushoto wakaiita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao. Jirani zetu Kenya wanakumbuka nyanda za juu zilizotengwa kwa ajili ya wazungu, mwenye ardhi akageuzwa kibarua kwenye ardhi ya babu yake. Sisemi kijana wa Sinza aliyenunua ekari mbili ni mlowezi. Hana bunduki, hana serikali nyuma yake ya kumfukuza mtu. Lakini sikiliza maneno anayotumia: ardhi ipo tu, haijaguswa, wenyeji hawajui thamani yake. Maneno hayo yana umri mkubwa kuliko yeye, na kila yaliposemwa kuna mtu aliyekuwa amesimama kwenye ardhi hiyo akisikia.

Ardhi ndiyo kiini cha jambo lenyewe, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Maana yake ni kwamba anayetaka ardhi anapaswa kusimama mbele ya watu wazima wa kijiji wakamwona, wakamuuliza maswali. Kinachofanyika mara nyingi ni kifupi zaidi: dalali, simu mbili, mashahidi wawili, karatasi yenye muhuri, na kijana mmoja aliyewekwa pale kuangalia. Kwanza ilikuwa miti ya mbao. Watu wa mijini walinunua vilima, wakapanda misindano na milingoti, wakarudi zao kusubiri miaka. Sasa ni parachichi. Mwenye shamba anaonekana mara moja kwa mwaka, kwenye gari ambalo vioo vyake havishuki.

Najua jibu litakalokuja. Mwanakijiji ameuza mwenyewe, ni mtu mzima, hakulazimishwa, na fedha ile imemsomesha mwanawe. Tena mashamba hayo yameleta vibarua. Yote hayo ni kweli, na siwezi kumwambia mzee mwenye deni la ada asiuze mali yake. Ila mzee anauza mara moja. Mtoto aliyesomeshwa kwa fedha hiyo akimaliza kidato cha nne na akakosa nafasi, anarudi kijijini kukuta ekari iliyouzwa kwa bei ya ada sasa inauzwa kwa bei ya gari. Hawezi kuinunua. Anaweza kuajiriwa kuipalilia. Ndiyo maana nasema hoja ya baridi inaumiza watu: sisi tunaihesabu safari yetu kwa nyuzi za joto, yule kijana anaihesabu kwa hatua, kutoka mlangoni kwao mpaka pale ardhi yao ilipoanza kuwa ya mtu mwingine.

Kuna kundi la pili, nalo lisijione limesalimika. Hawa ni wale wanaoiona baridi kama adhabu. Mwalimu au mganga anapangiwa kituo milimani, na kabla hajafungua begi ameshaanza kutafuta barua ya uhamisho. Kifua, anasema. Mtoto ana pumu. Wapo wanaoumwa kweli na wanastahili kusikilizwa. Wengi hawaumwi, wamesikia tu kwamba kule ni baridi na hakuna mambo. Zahanati inabaki na muuguzi mmoja, darasa linabaki na ubao. Huyu anayekataa kwenda na yule anayetamani kwenda wanafanana kuliko wanavyodhani. Wote wawili wamepima mahali kwa kipimajoto, wakaona wamemaliza kazi.

Basi mtu aamue kwa kipimo gani? Kwa kile kile anachopimia mahali pengine popote anapotaka kuishi. Nitafanya kazi gani ambayo watu wa pale wanaihitaji, si ile tu ninayoweza kuifanya nikiwa pale? Mwanangu atasoma shule ya kijiji, au nitamleta milima aiangalie dirishani kisha nimpeleke bweni mjini? Nitakwenda msibani kwa jirani nisiyemjua vizuri, nikabeba maji na kuni kama wengine? Swali hilo la misiba ndilo kubwa. Mahali unapoishi ni mahali ambapo ukifa usiku, kuna watu watakaokuja kabla ya ndugu zako hawajapata basi. Watu hao hawanunuliwi pamoja na ekari.

Kama majibu yanatosha, nenda. Panga chumba kwanza, upitishe Julai moja yenye mvua nyepesi na upepo, kabla hujagusa habari ya kununua. Jifunze kuitikia kamwene kabla ya kujifunza bei. Siku utakayotaka kipande cha ardhi, simama kwenye mkutano mkuu wa kijiji, useme jina lako na unachotaka kufanya, na ukubali kwamba wanaweza kukukatalia. Kipande hicho kiwe cha kuishi na kulima, si cha kufungia fedha ili zisiliwe na mfumuko wa bei. Mgeni wa namna hiyo milima inamhitaji, na nadhani ataipenda hata hiyo baridi, kwa sababu atakuwa na watu wa kuota nao moto.

Lakini kama sababu ni joto peke yake, basi vita yako haiko Njombe. Iko hapa hapa. Joto la Dar halikuletwa na jua tu. Tumekata miembe na mikungu iliyokuwa uani, tukasakafia uwanja mzima kwa vitofali vya pevingi ili gari lisichafuke. Tumeacha nyumba zenye baraza na dari ya juu, tukajenga vyumba vya bati lisilo na dari, vinavyotazamana ukuta kwa ukuta, upepo wa bahari usipate pa kupita. Wapangaji tunalipa kodi ya miezi sita mbele kwa chumba ambacho saa nane mchana hakikaliki, na hatujawahi kudai kwa mwenye nyumba, wala kwa diwani, hata mti mmoja.

Mtu mwenye kompyuta anaweza kuikimbia hali hiyo. Mama ntilie hawezi. Joto lake lina moto wa kuni mbele na jua nyuma. Dereva wa bodaboda hawezi, konda hawezi, mjamzito anayesubiri zamu kwenye kliniki iliyojaa hawezi. Tukiondoka sisi wenye sauti, wenye muda wa kuandika barua na kusimama kwenye mikutano ya mtaa, tunawaachia mji wenye joto na watetezi wachache. Na kule tulikokwenda tunapandisha bei ya ardhi ya watu ambao nao hawakutuita.

Novemba inakuja tena. Mtu akisema anahamia kwenye baridi, usimuulize ekari ni shilingi ngapi. Muulize atakuwa jirani wa nani.