Ubao Mmoja, Sheria Tatu

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda wengi walipokuwa wakikimbilia Uganda. Baadaye wakaja Warundi, Wakongo, Wasomali na wengineo. Mkimbizi aghalabu huacha ubao wake wa kuchezea nyumbani, lakini sheria za mchezo huja nazo kichwani. Naye akifika jijini Mbarara na kumkuta mcheza omweso, hataona ubao mgeni. Mashimo ni 32, yaani safu nne za manane manane, na kete ni 64. Chombo hicho kimoja chatosha kwa omweso wa Waganda, igisoro ya Wanyarwanda na bao la Kiswahili.

Katika omweso, kila mchezaji kwanza hutia kete nne nne katika safu yake ya nje ili hesabu ihakikishwe. Kisha huzipanga zote 32 apendavyo upande wake. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya ndani lenye kete, na mashimo yote mawili ya mpinzani yanayolikabili yakawa na kete, zote huliwa. Igisoro ni ndugu wa karibu wa mchezo huo.

Bao la Kiswahili lina mwendo wake. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: sita ndani ya nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayoifuata. Zilizobaki 22 hukaa mkononi na kuingizwa moja moja. Huliwa kete za safu ya ndani pekee. Za nje haziguswi. Nyumba huchongwa mraba, lakini katika ubao wa omweso yatosha kulitia shimo hilo alama ya mkaa.

Hapo ndipo ugomvi huzuka. Mmoja akila mashimo mawili kwa sheria ya kwao, mwenzake hudhani ameibiwa. Basi sheria zitajwe kabla ya kete ya kwanza kuguswa: mchezo wa kwanza uwe wa mgeni, wa pili wa mwenyeji.

Asiye na fedha za ubao achimbe mashimo 32 ardhini na kuokota kokoto 64 zilizolingana. Mtoto aanzishwe kwa bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili. Hivyo 64 hutimia, naye hujifunza kuhesabu.

Kazi hiyo isiahirishwe. Mtoto aliyezaliwa Nakivale huenda hajaiona nchi ya babu yake, na sheria za mchezo ni urithi usiohitaji mzigo wala gari. Babu asipomfundisha angali hai, mashimo yatabaki, lakini hatakuwapo wa kuyachezea kwa sheria za kwao.