Darasa la Riwaya Lisitafute Funzo

Aliyepita katika shule zetu, awe mtu wa Pemba au wa Tabora, aghalabu hutoka na mazoea yasiyomwacha hata mvi zikimwingia: kila amalizapo kisa hujiuliza papo hapo mtunzi alikusudia kumfunza nini, na akisha kulipata funzo lenyewe hukifunga kitabu kwa moyo wa mtu aliyelipa deni. Siwalaumu walimu, kwani karatasi ya mtihani ndiyo iliyotaka dhamira zitajwe kwa idadi na sifa za mhusika mkuu zithibitishwe kwa mifano. Ila nasema kwamba mazoea hayo, yaliyomfaa kijana mwenye kutafuta cheti, humdhulumu mtu mzima ajaye darasani jioni kwa hiari yake, ametoka kazini, hana cheti anachokitazamia, na umri alio nao umekwisha kumwonyesha kwamba mengi yaliyompata yeye mwenyewe hayakuwa na funzo lolote.

Nilipata kuhudhuria darasa la namna hiyo Unguja, katika sebule ya mwenyeji mmoja karimu, walipokuwa wakisoma riwaya ya Jokha Alharthi wa Oman iitwayo Sayyidat al-Qamar, iliyotoka mwaka 2010, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza iliyofanywa na Marilyn Booth iliwapatia wote wawili, mtunzi na mfasiri, Tuzo ya Kimataifa ya Man Booker ya mwaka 2019. Wachache walikuwa na nakala ya Kiarabu, wengine ya Kiingereza, na waliobaki, ambao ndio waliokuwa wengi, walisomewa na kuelezwa kwa Kiswahili sahifa baada ya sahifa. Kisa chenyewe ni cha kijiji cha al-Awafi na dada watatu, ambao mkubwa wao, Mayya, aliozwa Abdallah, mwana wa tajiri Sulayman, ilhali moyo wake ulikuwa kwa mwingine, naye alipojifungua binti akampa jina la London, jamaa wakabaki kushangaa.

Lakini si Mayya aliyewasha moto sebuleni, bali Zarifa, mjakazi wa nyumba ya Sulayman, aliyemlea Abdallah baada ya kufiwa na mamaye. Utumwa ulipigwa marufuku Oman mwaka 1970, na Sanjar, mwana wa Zarifa, ashika neno kwamba wao sasa ni watu huru na hawana deni kwa tajiri, mamaye haafiki. Bibi mmoja mstahiki akasema kwamba Zarifa ana haki yake, kwani ndipo alipolelea na ndipo alipozeekea. Kijana aliyekaa karibu na mlango akamjibu kwa adabu, “Samahani, Bi Mkubwa, nyumba usiyokuwa na ruhusa ya kuihama utajuaje kama waipenda?” Naye akamgeukia: “Mwanangu, wewe umepata kukaa nyumba ya watu?” Hapo ikadhihiri kwamba hawazungumzi tena juu ya Oman. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hali yenyewe ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897, na hata leo wapo katika mji ule wajuao nyanya wa nyanya yao alikuwa wa nani, nao hawalitaji neno hilo barazani. Lau kisa kingekuwa cha mtaa wao, kila mmoja angehesabu majina na kuona haya. Kwa kuwa kilikuwa cha kijiji cha ng'ambo, ndimi zilifunguka.

Lau mwalimu angeuliza wakati ule tunapata funzo gani, mazungumzo yangekufa, kwani wote wangeitikia kwamba utumwa ni uovu, na hapana aliyefika pale akidhani ni wema. Yeye aliwarudisha kwenye maandishi, akauliza kwa nini Abdallah asimulia mwenyewe kwa “mimi”, hali wenzake wote wasimuliwa. Mmoja akasema ni kwa sababu mwana wa bwana ndiye mwenye haki ya kunena. Mwingine akamkumbusha kwamba huyo mwenye haki anena akiwa ndani ya ndege, kati ya usingizi na macho, na hofu ya baba aliyepata kumning'iniza kisimani kwa kamba haijamtoka, hata asiye na mali kitabuni humo amshinda kwa ushujaa. Suala hilo halikuisha usiku ule, nami sikuona kwamba lilipaswa kuisha.

Watakuwapo watakaosema kwamba elimu ya watu wazima ni kusoma, kuandika, mbolea na maji safi. Sibezi hata moja katika hayo. Walakini mwaka 1973, miaka mitatu baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya vikundi nchi nzima kuzunguka redio, watu wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Umbo la darasa ninalolitaka basi tunalijua tangu zamani, na waliolizoea wangalipo.

Kitabu cha kuanzia nacho kipo. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ilitoka mwaka 1994, na ikangoja hadi mwaka 2022 ndipo Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Hapa nina hadhari moja: msomaji wetu hujisifu upesi kwamba mtunzi ni mwenzetu, na fahari hiyo huziba masikio kama funzo lizibavyo. Yusuf, mtoto wa miaka 12 aliyetolewa kufidia deni la babaye, mwishoni akimbilia msafara wa askari wa Kijerumani, na mtunzi hatuambii kama amefanya vyema au amejipoteza. Yafaa jioni nzima itengwe kwa sahifa hizo chache. Maktaba za mikoa zaweza kuanza na nakala kumi, na zikikosa kumi, mbili, mradi apatikane msomaji mwenye sauti ya kusikika, na mtihani usiwepo.