Tucheke, Lakini Tufundishane

Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Ndivyo walivyonena wahenga. Mpenzi msomaji, naomba nafasi kidogo nitoe maoni yangu kuhusu jinsi tunavyomcheka mtu anapokosea Kiswahili hapa shuleni. Nitaanza na yaliyonipata mimi mwenyewe.

Likizo ya Desemba mama alinipeleka Tanga, Tanzania, ambako mama mdogo ameolewa. Tulivuka mpaka pale Lunga Lunga, nami kifua mbele. Si nilikuwa nimepata A ya Kiswahili mtihani wa mwisho wa mwaka? Nikajiambia, Watanzania watanitambua!

Tulipofika, babu mwenye nyumba, yaani baba mkwe wa mama mdogo, aliitikia shikamoo yangu kisha akaniuliza, "Bibi yako hajambo?"

"Sina bibi, babu. Mimi bado ni mwanafunzi," nikajibu kwa heshima.

Uso wa mzee ukabadilika. "Maskini! Pole sana, mjukuu wangu. Alifariki lini?"

Nikababaika. Kwetu Nakuru bibi ni mke. Mama yake mama tunamwita nyanya. Katika kujaribu kurekebisha mambo nikaongeza, "Lakini nyanya yangu anawasalimu sana." Babu akaligeukia kapu la nyanya lililokuwa mlangoni. "Tangu lini nyanya zikasalimu watu?" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni taa zikazimika. Nikapiga kelele, "Stima imepotea!" Babu, ambaye alifanya kazi bandarini miaka mingi, akashtuka. "Stima gani? Ya abiria au ya mizigo?" Kumbe kwake stima ni meli! Walicheka hadi machozi yakawatoka.

Hapa sasa ndipo penye hoja yangu. Babu alipomaliza kucheka aliniambia, "Huku tunasema umeme umekatika. Hebu sema." Nikasema. Kisha naye akataka nimfundishe maneno ya Nakuru. Siku saba nilizokaa kule nilikosea kila siku, na kila siku niliongea zaidi.

Turudi darasani kwetu. Mwaka jana, tukiwa Kidato cha Pili, mwenzetu mmoja aliambiwa asome kifungu kwa sauti. Lugha ya kwao haitenganishi b na p, basi "baba alirudi jioni" ikawa "papa alirudi jioni". Papa, si mnajua, ni yule samaki mkubwa mwenye meno! Darasa zima tulivunjika mbavu. Aliyecheka zaidi, na aliyempachika jina "Papa", ni mimi. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Hebu sema tena, baba." Tangu siku ile hajainua mkono katika somo la Kiswahili, na tulipomwalika chamani alikataa katakata.

Nauliza: tulimfunza nini? Wengine watasema ni mzaha tu, na ati aibu humfanya mtu ajitahidi. Sikubali. Aibu humfanya mtu anyamaze, na anayenyamaza hajifunzi. Tena lafudhi ya mtu ameipata kwa mama yake. Ukiicheka, unacheka kwao. Katika mji wetu wenye watu wa makabila mengi, huo si mzaha mdogo. Sisi tuliosimuliwa na wazazi yaliyotokea Nakuru Januari 2008, majirani walipogeukiana kwa sababu ya kabila, tunapaswa kujua hivyo.

Isitoshe, nani kati yetu alizaliwa akizungumza Kiswahili sanifu? Kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, na kamati ya kukisanifisha ikaundwa mwaka wa 1930. Hata huko Tanga wana Kimtang'ata chao. Nami nikisahau, dawa huwa "ndawa". Mcheka kilema hafi bila kumfika! Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa. Haikusema ni lugha ya wenye lafudhi nzuri.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili kwa chama chetu. Kwanza, anayecheka kosa la mwenzake amwonyeshe palepale lililo sahihi, kwa upole, kama babu alivyonifanyia. Pili, tabia ya kupachikana majina kwa sababu ya matamshi ikome. Na walimu wetu, kwa heshima na taadhima, mkitusikia tukimcheka mtu msitabasamu mkapita, tusimamisheni.

Muhula huu nilimwendea mwenzangu nikamwomba msamaha. Alinitazama, akasema, "Sawa." Mkono bado hajainua. Ningali nangoja, na siku atakapouinua, wanafunzi wenzangu, nawasihi tunyamaze tumsikilize.